Televisheni Iliyotoswa Ziwani

Tereza hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa tu na televisheni, na mume mwenye kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu tangu Krismasi. Watoto wa Mkuyuni waliotaka kutazama ilibidi kwanza wanawe miguu kwenye beseni mlangoni. Jumamosi hiyo Nice, binti wa Kahigwa mwenye miaka kumi na mmoja, alinawa yake hadi vifundoni, akavua ndala, akainama aingie. Tereza akamshika bega.

"Wewe si mama yako alisema pale bombani kwamba kwenu mna televisheni?"

"Ndiyo, mama."

"Kubwa, ya mbao, ya tangu zamani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda katazame ya kwenu, mwanangu. Hapa tunabanana."

Watoto waliokwisha kukaa mkekani wakacheka. Nice akachukua ndala zake mkononi na kwenda nazo hivyo hivyo hadi nyumbani, miguu mitupu, na alipofika ilikuwa imechafuka tena.

Mama yake, Kokushubira, alikuwa akipakua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, akafunika sufuria, akaenda kusimama mbele ya mumewe aliyekuwa ameketi na gazeti la wiki iliyopita. Kahigwa alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba kwa miaka ishirini na miwili, mpaka walipopunguzwa kazi. Tangu hapo alisoma magazeti ya zamani kwa makini sana, kama mtu anayetafuta jina lake.

"Baba Nice, ile televisheni kule chumbani inafanya nini?"

"Imekufa ile."

"Imekufa lini? Wewe mwenyewe uliniambia haina ugonjwa, ila hakuna matangazo. Leo matangazo yamefika Mwanza, kila mwenye antena anayashika. Mimi mwanangu hafukuzwi tena kwa kitu ambacho nakipangusa vumbi kila Jumamosi!"

"Fundi ni gharama, mama Nice."

"Nina vitenge viwili sijavivaa. Tule sasa."

Wakala michembe. Ilikuwa siku ya nne mfululizo, na michembe hiyo ilikuwa na hadithi ambayo Kokushubira alipenda kuisimulia kuliko alivyopenda kuila. Mwaka themanini na tatu, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu kukutwa na kitu cha nje kisicho na karatasi kulitosha kumpeleka ndani. Shigela, Msukuma mmoja aliyekuwa na duka hapo hapo Mkuyuni, alimkabidhi rafiki yake Kahigwa televisheni aifiche. Askari walipoanza kupita nyumba hadi nyumba, Kahigwa akaibeba akaitosa ziwani, wapone wote wawili. Shigela alikaa mahabusu miezi saba. Alipotoka duka halikuwepo, akahamia Sengerema kulima. Na tangu hapo, kila mavuno, gunia la michembe lilivuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga kuja kwa Kahigwa, na kikaratasi ndani yake. "Nilimpelekea mwenzangu jela hadi mlangoni," Shigela aliwaambia watu, "naye akanisitiri."

Hadithi hiyo ilikuwa ya kweli yote, isipokuwa ziwa.

Televisheni ya Shigela ilikuwa chumbani kwa Kahigwa, chini ya kitambaa cha kufuma. Kokushubira, aliyeolewa mwaka themanini na tano, aliambiwa ilinunuliwa Bukoba kwa Mhindi aliyekuwa anahama. Mke anayemwamini mumewe hana sababu ya kuhesabu televisheni, ipi ilizama na ipi ilinunuliwa. Shigela mwenyewe alipokuja kusalimia aliishia sebuleni, maana mgeni mwenye adabu haingii chumba cha watu.

Tusimwonee Kahigwa. Siku Shigela alipotoka mahabusu na kuja kuulizia mali yake, Kahigwa hakuwa mwizi, alikuwa mwoga. Msako ulikuwa haujapoa, naye alihofia kuonekana akiitoa nyumbani. Mdomo ukasema "ziwani" kabla kichwa hakijafikiri. Alidhani atamwambia kweli mwezi ujao, mambo yakitulia. Lakini Shigela, badala ya kulaumu, alimshika mikono yote miwili akalia. Ni kazi ngumu kumwambia mtu anayekulilia kwa shukrani kwamba mali yake iko chini ya kitanda chako. Kisha likaja gunia la kwanza, naye akalila.

Siku za mwizi ni arobaini, husemwa. Za Kahigwa zilikuwa zimefika miaka kumi na tano, na alianza kuamini kwamba hazihesabiwi tena.

*

Fundi Mayala alikuwa na kibanda karibu na soko la Mkuyuni, kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Kijana mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Mkokoteni wa Kahigwa ulipofika na ile televisheni, aliacha alichokuwa akichomelea, akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Umeitoa wapi hii?" Alipapasa ubao wake, akazungusha kitufe cha stesheni kikalia ka, ka, ka. "Hii ni ya taa tupu, haina transista hata moja. Mwanzoni mwa miaka ya sitini hii. Mimi tangu nianze kazi nimeona mbili tu za namna hii." Akainama nyuma. "Na kibati cha namba kiko wapi?"

"Kilitoka chenyewe."

"Kikatoka na kuacha mikwaruzo ya kisu?" Mayala alicheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa amezoea wateja. Lakini Kahigwa aliona shingo yake inapata moto, kwa sababu kisu kilikuwa chake, na alikumbuka alivyochuchumaa akikwangua mwaka ule huku akisali mtu asibishe hodi.

Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mayala akalegeza skrubu, akaondoa ubao wa nyuma. Likatoka vumbi, maganda ya mende, na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa nyuzi za kitambaa cha Kokushubira. Fundi akapuliza, akafuta upande wa ndani wa ule ubao kwa kitambaa kikavu, akausogeza kwenye mwanga. Kulikuwa na maandishi ya penseli.

"Shigela, Mkuyuni," alisoma taratibu. "Taa moja mpya. Tarehe kumi na nne, mwezi wa sita, themanini na moja. Shimba." Uso wake ukang'aa. "Huyu Shimba ndiye aliyenifundisha kazi! Marehemu. Sisi wote tuliopita kwake tunaandika ndani. Jina la mwenye mali, ulichobadilisha, na tarehe. Alikuwa anatuambia, nje mtu atakwangua, ndani haoni."

Kahigwa alikuwa ameandika madaftari ya watu kwa miaka ishirini na miwili. Kila robota la pamba lililopita mikononi mwake aliliandika kwa namba. Haikuwahi kumjia akilini kwamba kitu kinaweza kubeba daftari lake tumboni.

"Kwa hiyo wewe ndiye mzee Shigela?"

"Hapana. Mimi naitwa Kahigwa."

"Basi uliinunua kwake."

Ilikuwa ni lile neno "basi." Mtu akitafuta pa kupita hupita hata kwenye tundu la panya.

"Ndiyo," alisema Kahigwa. "Niliinunua kwake."

"Vizuri, mzee. Utaniletea karatasi ya mauziano, hata ya mkono, sina neno. Mwaka jana mwenzangu alilala polisi kwa ajili ya redio ya wizi. Jina la ndani na jina la mteja yakigombana, mimi sichomelei hata waya mmoja."

*

Aliiandika siku iliyofuata mchana, Kokushubira akiwa ameenda kuuza vitenge vyake. Mwandiko wa karani ni mzuri, na karatasi ya mistari alikuwa nayo. "Mimi Shigela nimemuuzia ndugu Kahigwa televisheni moja ya mbao." Alipofika kwenye bei alikwama. Alifikiri muda mrefu, kisha akaandika bei nzuri ya siku zile, kwa kuwa hakutaka kumpunja.

Iliyobaki ilikuwa sahihi. Hapo ndipo alipofungua kasha la bati na kutoa vile vikaratasi vilivyokuwa vikija ndani ya magunia. Alikuwa amevitunza vyote. "Ndugu yangu Kahigwa, mwaka huu mvua haikutosha lakini pokea hiki kidogo." "Ndugu yangu, salimia mama Nice, mke wangu Bernadeta anamsalimia." Chini ya kila kimoja palikuwa na sahihi ya Shigela, herufi kubwa ya kwanza imejikunja kama mtu aliyeketi. Kahigwa aliiigiza mara saba kwenye gazeti, na ya nane akaiweka kwenye karatasi. Ilifanana kabisa. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimwaibisha kuliko uongo wenyewe.

Mayala aliipokea karatasi, akaisoma, akaikunja na kuiweka kwenye mkebe wake wa risiti. Ikawa ndiyo hivyo.

Kazi ilichukua wiki tatu. Kapasita nne zilikuwa zimekauka, taa moja imekufa, na panya alikuwa amekula waya wa spika. Taa ilibidi itafutwe kwenye maredio mabovu ya mji mzima. Siku ya kujaribu, Kokushubira na Nice nao walikuja. Mayala hakuichomeka moja kwa moja ukutani. Aliunganisha kwanza balbu ya kawaida njiani, umeme uingie kwa adabu.

"Chombo kilicholala miaka mingi hivi ukikiamsha kwa nguvu kinaungua," aliwaeleza.

Balbu ikawaka kwa nguvu, kisha ikafifia polepole, na ndani ya televisheni taa zikaanza kuwa nyekundu moja moja. Sauti ndiyo iliyotangulia, ya mtu anayesoma habari. Halafu kioo kikapata ukungu wa kijivu, ukungu ukajikusanya, ukawa mtu mwenye tai. Nice akapiga makofi. Kokushubira akamwita yule msomaji wa habari "baba" na kumkaribisha, watu wa kibandani wakacheka, naye akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Kabla ya kufunga, Mayala akachukua penseli. Chini ya mwandiko wa mwalimu wake akaandika: "Kahigwa, Mkuyuni. Kapasita nne, taa moja." Akamwonyesha. "Sasa ni yako rasmi, mzee."

Kahigwa aliona majina yao mawili, moja juu ya jingine, akaomba ubao ufungwe upesi kwa sababu mkokoteni unasubiri.

*

Kwa Kokushubira hakukuwa na beseni mlangoni. Alilitangaza hilo mwenyewe: "Kwangu mtu anaingia na miguu aliyopewa na Mungu." Jumapili ya kwanza sebule ilijaa hadi dirishani. Jumapili ya pili hata Tereza alikuja, akasimama mlangoni akiwa amekunja mikono.

"Kumbe haina rangi?"

"Rangi utaiona ukitoka nje, jirani," Kokushubira akamjibu. "Karibu ukae."

Watu walicheka, na Tereza naye, akakaa. Ilikuwa saa tisa mchana, mpira ulikuwa unachezwa mahali fulani, wachezaji weupe na wachezaji weusi-weusi wakikimbia kwenye nyasi za kijivu. Kahigwa alikuwa kiti cha mbele. Kwa wiki mbili hizo watu walikuwa wamerudi kumwita "mzee Kahigwa," baada ya miaka ya kumwita "yule aliyepunguzwa." Alijua hakustahili, lakini hakuweza kujizuia kufurahia. Mwenye njaa hachagui sahani.

Hodi ikabishwa. Akaingia Mayala, na nyuma yake mzee mrefu mwenye koti la kaki na kofia mkononi.

"Mwangaluka," alisema yule mzee kwa watu wote, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kisha akakumbuka ni mchana, akatabasamu. "Habari za mchana, jamani."

"Shemeji Shigela!" Kokushubira aliruka. "Waitu, mbona hukutuma salamu? Nice, toa kiti!"

Nice akakimbia kumwamkia. Shigela aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto na kuuacha hapo huku akitazama kilichokuwa kwenye meza. Aliitazama televisheni yake kwa muda. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutana njiani na ndugu ambaye alikwisha kumzika.

Mayala alikuwa akijikuna kisogo. Alikuwa amevuka kwenda kumwona mgonjwa hospitali ya Sengerema, akasikia mtu akiitwa Shigela dukani, akamsalimia kwa furaha: mzee, ile televisheni uliyomuuzia Kahigwa nimeifufua, na karatasi yenu ya mauziano ninayo. Shigela akaomba aione hiyo karatasi. Ndiyo maana walikuwa hapa.

"Mzee Kahigwa, niwie radhi mbele za wageni," alisema Mayala, akakunjua karatasi. "Mimi kazi yangu ni jina langu. Huyu mzee ameisoma kibandani, akaniambia twende kwa mwenyewe. Hakuniambia ndiyo wala hapana. Sasa naomba niulize wote mkiwepo, nikalale kwa amani. Mzee Shigela, hii sahihi ni yako?"

Mtu mmoja akapunguza sauti ya mpira. Watu huwa na masikio makali kwa jambo la namna hiyo.

Shigela hakuitazama karatasi. Alimtazama Kahigwa, akamsubiri. Alimpa muda wa kutosha, mtu mwingine angeweza kusema sentensi tatu katika muda huo. Kahigwa alikuwa nazo sentensi hizo, alikuwa amezibeba miaka kumi na tano. Aliona Tereza akiwa ameegemea mbele. Aliona Nice amesimama chini ya mkono wa Shigela. Akageuza macho kwenye kioo, ambako mchezaji alikuwa anajiandaa kupiga kona, akayaacha huko.

"Ni yangu," alisema Shigela.

"Kwa hiyo uliiuza?"

"Niliiuza."

"Na ulilipwa?"

"Alinilipa. Yote." 

Mayala akashusha pumzi, akakunja karatasi, akaomba radhi tena kwa kila mtu na kuaga. Sauti ya mpira ikapandishwa.

Kokushubira alikuwa amesimama katikati ya sebule, kiti mkononi. "Lakini si ulisema ya Mhindi wa..." alianza, akimgeukia mumewe. Hakumaliza. Ilionekana wazi jinsi jambo lilivyokuwa likimfikia hatua kwa hatua: Mhindi wa Bukoba, na ziwa, na askari wa nyumba kwa nyumba, na hadithi ambayo yeye mwenyewe aliwasimulia wanawake wote wa bombani. Akakiweka kile kiti chini taratibu sana, kisigonge sakafu.

"Shemeji, kaa," alisema. "Nina ndizi na samaki. Ziko tayari."

"Asante, mama Nice. Nimeshakula."

Hakuna mtu anayekula kabla ya kivuko akija kumtembelea rafiki, na Kokushubira alilijua hilo. Katika miaka yote Shigela hakuwahi kukataa chakula cha nyumba hiyo, hata siku aliyokuta kuna uji tu. Kokushubira aliinamisha kichwa.

"Hata maji, shemeji."

"Nashukuru. Kivuko kitaniacha."

*

Mgeni husindikizwa. Kahigwa alitoka naye kwa sababu watu wangeshangaa asipotoka. Walipita kwenye vichochoro, Shigela mbele, kofia kichwani sasa, mpaka wakaiona barabara ya lami. Hapo Kahigwa akamshika mkono wa koti.

"Ndugu yangu. Ichukue. Kesho asubuhi naileta kivukoni mimi mwenyewe, kwa kichwa changu."

"Niipeleke wapi? Nimesema niliuza. Nyumba nzima imesikia."

"Nitawaambia kweli."

"Ungewaambia pale." Shigela alisema bila ukali. "Nilikusubiri pale, Kahigwa. Sasa ukisema, utanifanya na mimi mwongo mbele ya mtoto wako."

Pembeni ya barabara mama mmoja alikuwa akianika dagaa kwenye turubai. Aliwasalimia, wakamwitikia wote wawili kwa sauti nzuri, kama wazee wa heshima.

"Nisamehe."

"Kule ndani waliniuliza kila siku," Shigela alisema. "Miezi saba. Mali nyingine umeficha kwa nani? Ukisema jina moja unatoka leo. Sikukutaja. Nilijiambia moyoni, mama yake Kahigwa ni mgonjwa, mwanawe akikamatwa atakufa." Akashika kofia. "Ungeniambia tu umeipenda. Ningekupa."

Kahigwa alilia. Alilia kwa sauti ndogo, uso ukielekea ukutani mwa duka lililofungwa, na hata katika kilio hicho alikuwa anaona haya kwamba anajulikana mtaa huo. Shigela alimsubiri kwa adabu mpaka akamaliza.

"Rudi sasa. Watu wamejaa kwako."

"Nikufikishe hata kivukoni."

"Hapa panatosha. Usinisindikize zaidi ya hapa."

Akavuka barabara. Kahigwa alibaki akilitazama lile koti la kaki mpaka likapotea kati ya watu wa sokoni, na Shigela hakugeuka.

Aliporudi, sebule ilikuwa imejaa kuliko alivyoiacha. Timu fulani ilikuwa imefunga goli. Kiti chake cha mbele kilikuwa kimekaliwa na watoto wawili, na watu walibanana kutoka ukuta hadi ukuta. Alifikiri angeweza kuzunguka nyuma, aingie kwa mlango wa jikoni, akalale. Lakini Kokushubira alikuwa mlangoni, ameegemea fremu.

"Umemfikisha wapi?"

"Barabarani."

"Hakutaka umfikishe mbali."

"Hakutaka."

Kokushubira alimtazama. Uso wake ulikuwa mkavu na tulivu, na Kahigwa alitamani ampige kelele, amwite jina lolote, mbele ya yeyote. Badala yake mkewe aliigeukia sebule, akapiga makofi mawili kama mwenye nyumba anayepanga wageni wake.

"Jamani," alisema kwa sauti ya kusikika hadi dirishani, "mpisheni mwenye televisheni."

Watu wakaanza kusimama. Wakavuta miguu, wakainua mikeka, wakambeba mtoto mmoja hewani. Tereza mwenyewe alisogea na kumwambia, "Pita, mzee, pita." Watoto wawili wakaondoka kitini. Kahigwa alipita katikati yao akisema samahani, samahani, kwa kila goti alilogusa, mpaka akafika mbele. Akaketi. Aliona aibu ambayo haikuwa na pa kwenda, kwa kuwa hakuna mtu hata mmoja sebuleni aliyekuwa akimlaumu, isipokuwa mmoja mlangoni, naye alikuwa amekwisha kusema yake.

Mtu aliyekuwa nyuma yake akamwomba ainamishe kichwa kidogo, wenzake waone. Kahigwa akakiinamisha.